Shule ya Kukaa Kitini

Jumatatu, 6 Oktoba 1997

Siku ya kwanza. Nimekaa, nimesimama. Nimekaa, nimesimama. Basi! Kuanzia saa tatu hadi saa sita. Nimepanda kwa miguu kutoka Kiboriloni hadi Old Moshi, matope yamefika kwenye vifundo, ili nikafundishwe kitu ninachokifanya tangu sijaota meno.

Mektrida, tunayeshona naye baraza moja pale mjini, alicheka mpaka akajichoma sindano. Anawatangazia wateja kwamba Mama Ronald amekwenda kusomea kukaa. Wacha acheke. Yeye mikono yake ni mizima.

Mimi wa kulia umenigomea tangu Aprili. Ganzi inaanza shingoni, inapita begani, inashuka hadi kidole cha mwisho. Siku nyingine nashika mkasi sijui kama nimeushika. Hospitali wamenipa vidonge, halafu daktari akaniambia niache cherehani. Niache cherehani! Kama vile kaniambia niache chumvi. Miaka kumi na saba nakaa kwenye kile kiti. Januari ni sare za shule, na fundi asiyeshona sare Januari baraza linamsahau.

Daftari hili ni agizo la Mwalimu. Hatalisoma, wala asilisome mtu mwingine. Tuandike tunachokiona mwilini, hata kama ni upuuzi. Haya, naandika: magoti yanauma kwa kusimama-simama.

Mwalimu mwenyewe ni Tabitha. Ana miaka hamsini na nane. Mfupi, ananifika begani, lakini nilipokuwa naongea naye nilijikuta naangalia juu. Sijui anafanyaje. Alikwenda Ujerumani kuuguza wagonjwa, akaumia mgongo kwa kuwanyanyua, huko huko akakutana na kazi hii na kuisomea miaka mitatu. Jina la Kijerumani alitutajia, limenitoka. Yeye anaiita “kazi” tu. Anatufundishia kwenye ghala la kahawa la marehemu baba yake. Kahawa yenyewe haipo siku hizi, imebaki harufu kwenye mbao.

Tuko watatu. Mimi, Stella ambaye ni muuguzi, na Melkior wa Kibosho, mpagazi wa mlimani. Melkior shingo yake haigeuki. Ukimwita anageuka mzima mzima, kama kabati.


Jumatano, 8 Oktoba

Leo tumelala! Shule ya ajabu kweli. Unalala chali juu ya meza, magoti juu, vitabu chini ya kichwa ili shingo isikunjike. Mwalimu akaniletea vitabu viwili. Nikavitazama — kimoja ni cha nyimbo za kanisani. Nikagoma. Mimi nimebatizwa, nimebarikiwa, nimefunga ndoa kwa kitabu hicho, leo nikilalie kichwa chenye mafuta ya nywele?

Mwalimu akageukia ukuta. Nikajua nimeharibu. Kumbe alikuwa anacheka kimya kimya. Akaniletea kitabu cha namba za simu cha mji fulani wa Ujerumani, kinene, akasema hao hawatajali. Melkior Mkatoliki alikubali cha nyimbo bila shida.

Halafu akanishika kichwa.

Nitaandikaje hili. Nimeshikwa kichwa na wasusi, na mama yangu, na mchungaji. Kila mkono una lake: wa msusi unavuta, wa mama unakagua chawa, wa mchungaji unakandamiza ili baraka iingie. Mikono ya huyu mama haikutaka kitu. Ilikuwa tu pale. Nikahisi kichwa changu kina uzito. Kumbe miaka yote nimekibeba mwenyewe bila kukiweka chini! Machozi yakatoka pembeni, yakaingia masikioni. Nikaona aibu. Mwalimu alinifuta sikio kwa ncha ya khanga, akaendelea.


Jumatatu, 13 Oktoba

Neno la wiki: ngoja kwanza.

Anasema, “Simama,” mimi tayari nimeshaanza kusimama. Ananirudisha. Anasema tena, tena nimeshaanza. Mara ya saba nikakasirika, nikamwambia Mwalimu, si umeniambia nisimame? Akaniambia hajaniuliza kama nimesikia, ananiuliza kama nimeamua. Kabla sijaamua, shingo imeshajikaza, mabega yamepanda, pumzi imefungwa. Mwili unakimbilia mazoea yake kama ng'ombe anayejua njia ya kwenda kwao.

Kwa hiyo tunasikia neno, halafu tunangoja. Hatufanyi kitu. Halafu ndipo tunaamua, kama bado tunataka. Stella alingoja mpaka akasinzia.

Mara moja tu nilifaulu. Nilisimama bila kusimama. Sina namna nyingine ya kuandika. Kiti kilibaki chini, mimi nikawa juu, katikati sikufanya kazi yoyote. Mwalimu alisema “ehee,” basi. Nimeshuka na hiyo “ehee” hadi Kiboriloni, natabasamu peke yangu.


Ijumaa, 17 Oktoba

Nimejichunguza barazani siku nzima. Afadhali nisingejichunguza! Nikitunga uzi, naukodolea kwa kichwa kizima. Nikikanyaga cherehani, nakaza taya. Mteja akija na suruali ya mtumba niipunguze, bado hajafungua mfuko, mimi mabega yameshafika masikioni.

Na kuinama. Jamani, ninavyoinama! Nina kuinama kwa mteja, nina kuinama kwa mchungaji, nina kuinama kwa karani wa manispaa. Kwa mama mkwe ndiyo balaa. Kule Masama nikimpa kikombe natengua magoti, nakunja mgongo, navunja shingo, mpaka uso unafika chini ya uso wake. Yeye mwenyewe amepinda, maana amebeba majani ya ng'ombe kichwani kutoka bondeni tangu akiwa msichana. Anatembea akitazama ardhi. Sasa mtu aliyepinda ukitaka kuwa chini yake lazima ufike mbali.

Nilimweleza Eliufoo, mume wangu, wakati wa chakula. Akasema kama ni hivyo basi Wachagga wote ni wagonjwa wa shingo. Akacheka. Mimi nilikuwa namtazama anavyotafuna, kichwa amekitupa mbele kama kuku. Sikumwambia.


Jumatano, 29 Oktoba

Mvua! Hii wanayoiita Elinino haina adabu. Njia ya kushuka kutoka kwa Mwalimu imekuwa sabuni. Tukadhani ataahirisha somo. Wapi! Akasema leo darasa ni njia yenyewe. Akavaa buti za marehemu baba yake, akatutoa nje.

Somo: mtu akiogopa kuanguka anajikaza, na aliyejikaza akiteleza anakwenda mzima kama gogo. Tushuke, kila hatua tuangalie shingo inafanya nini. Melkior alitangulia. Huyu amebeba mizigo ya wazungu kilo ishirini na tano miaka kumi na miwili, matope kwake ni sebuleni. Stella akafuata akimtaja Yesu. Mimi nikashika migomba.

Mwalimu alikuwa nyuma yetu, anaeleza kuhusu nyonga. Katikati ya sentensi tukasikia pwaa! Tukageuka, na Melkior akageuka kabati zima. Mwalimu yuko chini, kalala kwenye tope na gauni lake la buluu.

Hakuna aliyethubutu kucheka. Hata kumsogelea tuliogopa. Yeye akabaki pale pale, macho juu, mvua inampiga usoni. Akainua kidole: ngoja kwanza. Sekunde tano hivi. Kisha akajiviringisha upande, goti, mkono, akasimama bila kishindo, akamalizia sentensi yake ya nyonga pale alipoiachia.

Mama wa miaka hamsini na nane! Ningekuwa mimi ningelia, ningelaani, ningetafuta nani kaona. Yeye aliangukia mwili wake kama mtu anayekaa kitandani kwake. Nilimwuliza baadaye kama hakuumia. Akasema ameumia sana tako la kushoto, ila hakuona sababu ya kuumiza na shingo.

Nataka kuwa vile. Naliandika wazi. Sitaki tu kupona mkono, nataka kuwa vile.


Jumatatu, 10 Novemba

Mwalimu ametupeleka barabarani kutazama wanawake wanaotoka tambarare na majani ya ng'ombe kichwani. Nikasema moyoni, huyu mama amekaa Ulaya mpaka majani yamekuwa sinema. Mimi nimeyabeba hayo mpaka naolewa.

Lakini akatuambia tusitazame mzigo, tutazame chini ya ngata. Jamani! Wasichana wadogo wanapanda mlima, shingo ndefu, kichwa kinaongoza, miguu inafuata. Kile tunachohangaika nacho ghalani wiki ya sita wanacho bure. Halafu wakapita mama zao, mzigo ule ule, na shingo zimekwisha kuzama. Nikatafuta ni umri gani inapozama. Nilishindwa. Haizami siku moja.

Nikamkumbuka mama mkwe. Naye alipita njia kama hii na shingo ndefu, kuna mtu alimwona. Sikuwahi kumfikiria akiwa na umri wa miaka kumi na sita.

Melkior akauliza kama kupinda kwa wazee kunarudi nyuma. Mwalimu akasema mfupa uliokwisha kupinda umepinda. Ila juu ya mfupa kuna woga na uchovu na mazoea, na hivyo vinaweza kuachia kidogo, kwa mzee yeyote. Kidogo tu. Akasisitiza, tusiende kuahidi watu miujiza.


Ijumaa, 21 Novemba

KIDOLE!

Nimeamka asubuhi nikajikuna sikio na kidole cha mwisho cha mkono wa kulia — nikakisikia! Nikakaa kitandani nakigusa-gusa kama cha mtoto mchanga. Eliufoo akauliza kuna nini, nikamwambia kidole kimerudi nyumbani. Akakishika yeye naye. Tulikaa hivyo, watu wazima wawili, tumeshika kidole.

Barazani nimetunga uzi kwa jaribio la kwanza. Mektrida ameona. Hakucheka. Mchana akaniuliza pole pole, eti hiyo shule ya kukaa wanachukua na wanene?

Sijapona kabisa, najua. Jioni ganzi ilirudi hadi kwenye kiwiko. Lakini sasa najua inaondokaje: nikiacha shingo, inaondoka. Vidonge havikunifundisha hilo.

Na kubwa zaidi. Mwalimu ametuambia Januari ataanza kutufundisha mikono. Yaani kumshika mtu. Kwa sasa ni marufuku kumshika yeyote, hata nyumbani, hata akiomba, kwa sababu mikono yetu bado inataka mambo. Inataka kusaidia, inataka kusifiwa. Mkono unaotaka kitu unamkaza mwenzio. Alipofika kwangu akanichukua viganja, akavigeuza, akasema fundi nguo anajua kitambaa hakivutwi. Akasema ninaweza kuja kuwa mwalimu.

Mimi! Niliyeishia darasa la saba! Nimeandika mara mbili nione inavyokaa. Ninaweza kuja kuwa mwalimu.


Jumapili, 7 Desemba

Nimeharibu. Nimeharibu vibaya.

Ubarikio wa Violet, binti wa shemeji, amepata kipaimara, Masama. Turubai, tarumbeta za kanisa, mtori, nyama, pombe yetu ya mbege ya kutosha. Mimi kama mke wa mtoto mkubwa kazi yangu ni kuwapa wazee mbege. Nilivaa gauni langu jipya, lenye safu ndefu ya vifungo mbele, nimelishona mwenyewe kwa mkono huu uliopona. Nilikuwa nimejaa furaha. Nikasema leo nitapita katikati ya watu hawa wote bila kuvunja shingo hata mara moja. Kama mazoezi.

Nikapita. Najua nilipita vizuri. Wazee wa kwanza nikawapa kata nimesimama, mgongo mrefu, nimenyoosha mkono. Sikuona kitu. Nilikuwa nasikiliza visigino vyangu! Nikafika kwa mama mkwe, kwenye kigoda chake, pembeni. Nikasema shikamoo Mama, nikamnyooshea kata — nimesimama. Wima. Kama mlingoti wa bendera.

Hakuitika marahaba. Alitazama kata. Akatazama mkono wangu, hadi kwenye kiwiko. Akaipokea, akaiweka chini kando ya mguu wake bila kunywa.

Mama mkwe hajawahi kuniwekea kata chini. Miaka kumi na minne.

Watu wa upande ule wa turubai wakageuka. Ndipo akili ikanirudia, nikatengua magoti, lakini ilikuwa imeshapita, ikaonekana kama namdhihaki. Shemeji wa kike akasema kitu kwa Kichagga ambacho sikiandiki humu. Mwingine akasema, ndiyo hiyo shule ya mjini, ya kusomea kukaa. Wakati wa kuaga mama mkwe aliniambia jambo moja tu, akiwa anaitazama ardhi.

“Nenda salama, mwalimu.”

Nani kamwambia hilo neno? Eliufoo, bila shaka. Alikuwa anajivuna kwa ajili yangu.


Jumatatu, 8 Desemba

Eliufoo hakugomba. Afadhali angegomba. Alingoja mpaka nimemaliza kunywa chai, akasema sitapanda tena Old Moshi mpaka mama yake aniambie yameisha. Hata Januari. Hata kama mkono utakufa, nikauliza. Akasema yeye ni mtoto wa kwanza, na mama yake amedharauliwa mbele ya ukoo na mtu anayelala naye kitanda kimoja, sasa anataka afanye nini?

Kama mtu angemfanyia mama yangu vile, ningemtoa macho.

Amesema Krismasi tukipanda nyumbani, nichume isale, lile jani la amani, nikamwombe msamaha inavyotakiwa. Jani la isale likiletwa halikataliwi. Ni kweli. Lakini kuna kupokea na kupokea. Nimeona mtu akipokea isale na miaka mitano baadaye bado anakupa kikombe chenye ufa.

Leo ganzi imefika kidoleni.


Jumatano, 10 Desemba

Nimepanda kumuaga Mwalimu. Nilimwambia Eliufoo naenda kuaga tu, akakubali.

Nilimsimulia yote. Nilitegemea atanitetea. Atasema mila, atasema watu hawajaelimika, maneno ya watu waliokaa Ulaya. Alikunja uso.

“Nani alikwambia usiiname?”

Nikamwambia si wewe, Mwalimu, shingo, urefu. Akasema yeye alinifundisha kuacha shingo, na huko kusimama kama askari nimekutoa wapi? Kuna mtu alinyooka pale turubaini kwa sababu ameachia, au kwa sababu alitaka aonekane? Aliyajua majibu. Nilitaka nionekane. Jamani nilitaka sana.

Halafu akafanya jambo ambalo watu wazima hawafanyi. Akavuta kiti, akakaa mbele yangu, akasema kosa nusu ni lake. Wiki zote hizi ametufundisha kwenye viti vya Kizungu, kukaa na kusimama, hakutufundisha kumpa mzee kikombe. Alisomea mahali ambapo hawapeani vikombe hivyo, akaleta somo kama alivyolipokea. Akaniomba radhi. Yeye, mimi!

Akaniinamisha saa nzima. Kuinama ni kwa nyonga na magoti na vifundo, shingo inabaki kwenye mstari wa mgongo, haikatiki. Akawa mama mkwe, akakaa kwenye debe, nikamletea kikombe cha maji mara thelathini. Melkior na Stella wakawa ukoo, wakakaa wananikodolea. Mara ya thelathini nilishuka mpaka chini kabisa, na pumzi yangu ikashuka nami, sikuwa mdogo hata kidogo.

Mlangoni akaniambia, nafasi yangu ipo. Hatampa mtu. Akanikumbusha na lile katazo, mikono bado, Mama Ronald, hata nikiona huruma.


Jumatano, 24 Desemba

Masama. Gari kutoka Bomang'ombe limetuacha saa kumi. Kihamba, shamba letu la ukoo, kimejaa watu wa Dar na magari yao, miziki, watoto wanaosema “bibi, choo kiko wapi.” Mama mkwe ameitika shikamoo yangu. Hakunitazama, lakini hamtazami mtu yeyote, sasa nitajuaje?

Nimeangalia isale kwenye mpaka wa kihamba. Zipo nyingi. Sitachuma kesho, kesho ni ya Bwana. Keshokutwa asubuhi, wakati watu wa Dar bado wamelala.


Ijumaa, 26 Desemba

Naandika jikoni kwa mama mkwe. Saa mbili asubuhi. Jani liko mezani, karibu na chumvi.

Nimeingia saa moja. Alikuwa anachochea moto. Nikashuka mbele yake na jani kwa mikono miwili, nyonga, magoti, shingo imeachia. Nilishuka vizuri. Hata pale, Mungu anisamehe, kuna kasauti kalisema: umeshuka vizuri. Nikasema maneno yote, kwamba nilimkosea mbele ya watu, na leo namwomba Mama anisamehe.

Hakulipokea jani. Hakulikataa pia. Akaacha mwiko, akavuta kigoda, akakaa, uso wake ukawa mbele ya wangu kabisa. Ana macho ya kahawia isiyokolea. Nilikuwa nimesahau! Akanitazama mpaka nikaona haya. Nilingoja ataje dharau, nikangoja mila, nikangoja ukoo. Hakutaja hata kimoja.

“Watu wananiongelea juu ya kichwa,” akasema. “Wanangu, mchungaji, wajukuu. Naona viatu. Wewe peke yako ulikuwa unashuka, nakuona uso. Siku ile nikaona vifungo. Vifungo vizuri. Uso sikuuona.”

Nikashusha jani hadi magotini.

Miaka kumi na minne nilidhani nainama kwa ajili ya heshima. Niliona taabu. Niliandika humu kwamba ni balaa! Na yeye miaka yote hiyo alikuwa anangoja hicho kikombe ili aone mtu. Nikalia. Nililia kwa sauti, bila mpango wowote wa shingo.

Aliacha nilie. Kisha akauliza, hiyo shule wanafundisha nini hasa? Nikamweleza nilivyoweza. Kichwa kina uzito. Watu wanakibeba hata wakiwa wamelala. Kuna mama mmoja mfupi ana mikono isiyotaka kitu, akikushika unakiweka chini. Akauliza kama kupinda kwake kunaweza kunyooka. Nikataka kusema ndiyo. Mungu anajua nilivyotaka! Nikasema hapana, Mama, mfupa umepinda. Labda kidogo, juu juu, uchovu uachie. Kidogo tu.

Akarudia kwa Kichagga lile neno la kidogo. Akasimama, akachukua ndoo, akatoka kwenda bandani kwa ng'ombe. Jani ameliacha mikononi mwangu. Nikaliweka hapa kwenye meza, nikatoa daftari kwenye mfuko wa gauni, kwa sababu nisipoandika nitapasuka.

Eliufoo amechungulia mlangoni. Ameliona jani, akaniuliza kwa macho. Nikatikisa kichwa, sijui. Ameondoka.

Sasa mama mkwe ananiita. Amekaa kwenye benchi nje, kwenye jua, namwona mgongo wake kupitia mlangoni. Ameshusha khanga mabegani, shingo iko wazi. Sijawahi kuiona shingo ya mama mkwe. Ni nyembamba, nywele nyeupe zimejikunja pale chini, na juu ya uti kuna donge gumu la ngozi, pale mzigo ulipoegemea.

“Mama Ronald. Njoo na hiyo mikono ya shule. Jani liache hapo hapo.”

Mwalimu amekataza. Mikono bado. Na mikono yangu inataka — inataka msamaha, inataka Januari, inataka aseme ehee. Hakuna mikono Masama nzima inayotaka vitu vingi kama hii yangu. Nimeiweka juu ya daftari, naitazama.

Ameita tena. Hajageuka, hawezi kugeuka. Anangoja.

Ngoja kwanza.